Simplex+ na Ruhusa ya Mwenye Shamba: Tathmini ya Ditekta ya Kuanzia Nchini Uingereza

Kwa muda wa miezi kumi na minane nimekuwa nikitumia ditekta aina ya Simplex+, inayotengenezwa na kampuni ya Nokta ya Uturuki, katika mashamba mawili ya Leicestershire na mara chache katika fukwe za mashariki ya Uingereza. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu tunaoishi huku, kwa sababu kila ninapopita na begi lile refu mgongoni huulizwa maswali yale yale: mashine hiyo ya kutafuta vyuma ardhini ni bei gani, inapata nini, na je, polisi hawamkamati mtu? Hukumu yangu juu ya mashine ni kwamba inamfaa sana anayeanza, na bei yake ni ya haki. Hata hivyo sehemu kubwa ya maandishi haya itahusu mahali pa kuitumia, maana hapo ndipo wengi hukwama, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipopoteza miezi minne ya mwanzo.

Siku nilipomweleza mama yangu kwa simu kwamba mapumziko yangu nayamalizia mashambani nikichimba vifungo na sarafu za watu waliokufa zamani, hakuuliza vina thamani gani. Aliniuliza, "Mwanangu, na hilo shamba lina mwenyewe?" Nikamwambia lina mwenyewe, na amenipa ruhusa kwa maandishi. Akasema, "Basi vizuri." Tangu siku hiyo nimesoma kurasa nyingi za sheria na miongozo ya Uingereza, na zote zinazunguka swali hilo hilo la mama. Kila kipande cha ardhi hapa kina mwenyewe, awe mkulima, halmashauri, kanisa au Taji, yaani ufalme, na hakuna haki ya jumla inayomruhusu mpita njia kuchimba, hata pembeni mwa zile njia za umma zinazokatiza mashambani ambamo kila mtu ana haki ya kutembea. Aingiaye bila idhini amevamia, na atwaaye alichokikuta humo anaweza kushtakiwa kwa wizi.

Nianze na mashine yenyewe. Simplex+ ilitoka mwaka 2019, na ingawa mwaka 2023 kampuni ilileta matoleo mapya ya familia hiyo hiyo, zile za mwanzo bado zinauzwa kwa wingi na watu waliozitumia. Yangu niliinunua kwa mtu kwa pauni 160, pamoja na waya wake wa kuchajia. Ina uzito wa kilo 1.3, fimbo yake hurefushwa na kufupishwa kulingana na kimo cha mtumiaji, na chini yake pana koili ya mviringo yenye upana wa sentimita 28, mfano wa sinia dogo la chai. Mwili wake wote, pamoja na kioo na vitufe, huweza kuzamishwa majini hadi mita 3, ilhali mashine nyingi za bei hii zilizoitangulia ziliweza kulowa koili tu. Katika nchi ambayo mvua hunyesha bila kubisha hodi, sifa hiyo peke yake ilitosha kunishawishi.

Namna inavyofanya kazi si fumbo, na anayeielewa hupunguza nusu ya mashimo ya bure. Koili hupitisha umeme unaogeuka mara 12,000 kwa sekunde na kuzalisha uga wa sumaku unaopenya udongoni. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hutoa uga wake dhaifu unaorudi juu na kupokewa na koili. Mashine hupima uga huo umerudi kwa kuchelewa kiasi gani, kisha hutoa sauti na kuonyesha namba kati ya 0 na 99. Chuma hukaa chini kabisa, na vipande vinene vya fedha na shaba hukaa juu. Penye mtihani ni katikati: pete nyembamba ya dhahabu, kipande cha foili ya pakiti ya sigara na kile kishikizo cha kufungulia kopo la soda vinaweza kutoa namba ile ile, kwa sababu mashine haijui thamani ya kitu, inajua tu ukubwa wake na jinsi umeme unavyopita ndani yake. Muuzaji akikuambia kwamba ipo ditekta itakayokuchagulia dhahabu na kuacha takataka, ondoka dukani kwake.

Inakuja na namna tano za kutafuta: moja ya metali zote, moja ya mashamba, mbili za bustani na viwanja, na moja ya ufukweni. Mimi hutumia ile ya mashamba karibu wakati wote. Humo chuma hutoa sauti nzito na metali nyingine hutoa sauti inayopanda kadiri namba inavyopanda, na baada ya wiki chache sikio linatangulia jicho. Sauti ya kitu kizuri ni ya mviringo, haikwaruzi, na hubaki vile vile ukipitisha koili kutoka kushoto, kutoka kulia, na ukizunguka nyuzi 90 ukapitisha tena. Msumari wenye kutu hudanganya ukiupita upande mmoja, lakini ukizunguka hukatika. Kiatu cha farasi, kwa kuwa ni chuma kikubwa, hudanganya vizuri zaidi. Nimechimba vinne hadi kiwiko nikiamini nimepata bakuli la Warumi. Naviweka bandani kwa mkulima, naye amevitundika mlangoni.

Mambo mawili ya kimaumbile mnunuzi ayajue mapema. La kwanza, betri imejengewa ndani, kwa hiyo huwezi kuitoa na kutia nyingine ukiwa shambani. Inadumu siku nzima ya kazi, na ikipungua inaweza kuunganishwa na pawabenki, lakini mtu aliyezoea betri za kununua dukani ataliona hilo kuwa kero. La pili, hutumia masafa mamoja tu ya umeme, yale ya kugeuka mara 12,000 kwa sekunde. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme wenyewe, na mashine yoyote ya masafa mamoja hupata tabu kutofautisha chumvi hiyo na metali. Ile namna ya ufukweni husaidia kwa kupunguza kelele, ila hupunguza na kina. Anayetaka kushinda baharini kwenye mchanga mbichi atafute mashine ya masafa mengi kwa wakati mmoja, na ajiandae kulipa zaidi. Kwa mchanga mkavu, mashamba na malisho, hii inatosha kwa miaka.

Vifaa vingine ni viwili visivyokwepeka. Kimoja ni pinpointa, kijiti cha mkononi kinacholia kikikaribia metali ndani ya shimo, ambacho bila hicho utachekecha udongo kwa vidole katika baridi ya Februari mpaka uchukie kazi yote. Kingine ni sepeto fupi la chuma cha pua lenye makali pembeni. Kabla ya Simplex+ nilikuwa nimenunua mtandaoni mashine ya pauni 45 ya muuzaji ambaye simtaji, na ilikuwa ikilia kila ilipogusa majani marefu. Fedha hiyo ningeitia kwenye pinpointa ningekuwa nimeshinda.

Sasa nije kwenye ruhusa. Nilipoanza nilidhani ni jambo la kuandika barua moja na kusubiri jibu. Niliandika barua kumi na nne kwa mkono, moja kwa kila shamba nililoliona katika ramani ndani ya mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, nikijitambulisha jina, kazi na mahali ninapoishi, nikieleza kwamba nina bima, kwamba nitafukia kila shimo, kwamba sitaingia penye mazao wala penye kondoo wanaozaa, na kwamba kila kitu nitakachokipata nitamwonyesha. Barua kumi na moja hazikujibiwa. Mkulima mmoja alijibu kwa heshima kwamba tayari ana mtu. Wawili walisema nije tuonane. Hao wawili ndio ninaowategemea mpaka leo, na nilipowauliza kwa nini walinikubali, mmoja akasema ni kwa sababu niliandika neno bima, na mwingine akasema ni kwa sababu nilikwenda kumwona nikiwa nimevaa viatu safi na nikavua kofia. Kwetu pwani tungesema nilikwenda kwa adabu, na adabu imenifungulia malango ambayo mashine ya pauni elfu isingeyafungua.

Kuna jambo linalowapita wengi katika kuomba: aliye juu ya trekta si lazima awe mwenye ardhi. Mashamba mengi hapa yamekodishwa, na ruhusa iliyo kamili hutoka kwa mwenye ardhi na kwa mpangaji pia. Mkulima wangu wa pili ni mpangaji. Alinikubali papo hapo, lakini ilinilazimu kusubiri wiki sita hadi ofisi ya mwenye ardhi iandike. Nilisubiri, na sikuingia hata mara moja kabla ya karatasi. Katika karatasi hiyo tumeandika pia namna ya kugawana iwapo kitapatikana kitu cha thamani, nusu kwa nusu, kwa sababu watu waliopendana wamegombana juu ya jambo hilo, na mapatano ni mepesi kabla ya kupata kuliko baada.

Bima nimeipata kwa kujiunga na National Council for Metal Detecting, baraza la watafutaji lililoanzishwa mwaka 1981. Ada yao ya mwaka ni ndogo ukilinganisha na gharama nyingine zote nilizozitaja, na ndani yake umo ulinzi wa hadi pauni milioni 10 iwapo utamdhuru mtu au mali yake, tuseme umeacha shimo wazi na ng'ombe akavunjika mguu. Kadi yao niliambatanisha nakala yake katika kila barua. Ningepewa nafasi ya kumshauri anayeanza jambo moja la kulipia siku ya kwanza, ningemwambia alipie hilo kabla ya mashine.

Hata ruhusa ya mwenye ardhi haitoshi kila mahali. Maeneo yaliyoorodheshwa kuwa kumbukumbu za kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1979, na kupitisha ditekta juu yake bila kibali cha Historic England, taasisi ya umma inayolinda urithi wa kale, ni kosa la jinai hata kama mwenye shamba mwenyewe ndiye aliyekualika, na hata kama hukuchimba. Ramani yake iko mtandaoni, bila malipo, na nilipoifungua nikagundua kwamba kona ya kaskazini ya shamba langu la kwanza, penye matuta ya kijiji kilichohamwa karne nyingi zilizopita, imo ndani ya mpaka. Mkulima hakuwa akijua kwamba mimi nami nimefungwa na mpaka huo. Tulitembea pamoja, tukahesabu nguzo za ua, tukakubaliana kwamba sitavuka nguzo ya tisa. Maeneo yenye hifadhi maalumu ya viumbe nayo yanahitaji idhini ya Natural England, taasisi ya umma ya mazingira. Ardhi za National Trust, shirika la kuhifadhi majumba na mandhari ya kale, kwa kawaida haziruhusu kabisa, isipokuwa katika kazi rasmi ya akiolojia yenye leseni. Viwanja na bustani za halmashauri kila mahali pana kanuni zake, na jibu nililolipata mimi mara mbili lilikuwa hapana. Uskoti ina sheria zake nyingine, na Ireland Kaskazini vilevile, kwa hiyo ninayoyasema hapa yabaki Uingereza yenyewe (England) na, kwa sehemu kubwa, Wales.

Kwa asiyekuwa na shamba, ufukwe ndio mlango mwepesi zaidi. Crown Estate, taasisi inayosimamia ardhi ya Taji, inamiliki takriban nusu ya ufukwe wote, yaani ile sehemu inayofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa, na katika sehemu zake za Uingereza na Wales haidai kibali cha mtu mmoja mmoja kwa mwenye ditekta. Ramani yao pia iko mtandaoni. Nusu nyingine ni ya halmashauri, ya watu binafsi au imekodishwa, na huko lazima uulize. Na kanuni za hifadhi nilizozitaja zinafuata hata mchangani. Sisi tuliokulia pwani tuna faida moja: hatuhitaji kufundishwa bamvua ni nini. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali, mchanga ambao kwa wiki nzima haukuonekana hubaki wazi, na hapo ndipo pa kwenda. Wenzangu wa hapa husoma majedwali. Mimi hutazama mwezi kwanza, kisha nasoma jedwali ili nijue saa ya kurudi, maana maji ya huku hurudi kwa kasi na baridi yake haina huruma.

Mto Thames wa London ni habari nyingine, na nautaja kwa kuwa wengi wetu wanaishi karibu nao. Ufukwe wake hauguswi bila kibali cha Port of London Authority, mamlaka ya bandari ya London, hata kwa mtu anayeokota kwa macho tu bila ditekta wala sepeto, na waombaji wamekuwa wengi kiasi cha kuwekwa orodha ya kusubiri. Kila kitu chenye umri unaozidi miaka 300 kinachopatikana huko lazima kionyeshwe kwa mtaalamu wa makumbusho ya London.

Njia ya tatu ni mikutano ya kulipia, ambapo mwandalizi huchukua shamba kwa siku moja na watafutaji hulipa kiingilio. Nimekwenda miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kikundi kidogo cha wilaya, watu ishirini na wawili, na afisa wa kuandikisha vitu alikuwepo na meza yake. Niliondoka na bizimu moja, subana moja na maarifa ya mwaka mzima, kwa sababu wazee wale hawana choyo. Wa pili ulikuwa wa mwandalizi ambaye sitamtaja. Nililipa pauni 25, tukawa zaidi ya mia moja katika shamba lililomwagiwa mboji ya takataka za mjini, ambayo huja na maelfu ya vipande vidogo vya alumini, na ditekta zote zililia kama vyura. Zaidi ya hapo, hakuna aliyeweza kutuonyesha karatasi ya ruhusa. Nilichaji mashine, nikalipa, nikafika, nikachimba saa moja, nikarudi nyumbani. Anayetaka kujiunga na mkutano aulize mapema mambo matatu: mwenye ardhi ameandika, mpangaji ameandika, na vitakavyopatikana vitaandikishwa na nani.

Habari ya kuandikisha ndiyo inayonifanya niipende shughuli hii kuliko nilivyotarajia, na naomba nieleze kwa kitu kimoja. Ilikuwa Jumapili ya Septemba, ngano imeshavunwa, udongo umeshapinduliwa na kusawazishwa, haujapandwa bado. Nilipata sauti fupi, nyembamba, ya namba za katikati, zile ambazo mara tisa kati ya kumi ni foili. Ilikuwa haikatiki nikiizunguka. Nilitoa bonge la udongo la kina cha kiganja, nikalipasua, pinpointa ikalia kwenye nusu ya kushoto. Niliusugua udongo kati ya vidole polepole mpaka nikahisi ukingo ulionyooka, na ukingo wa pili uliopinda. Nilipomwagia matone ya maji ya kunywa, ukatokea mkono wa msalaba na herufi tatu. Ilikuwa nusu ya peni ya fedha ya zama za Mfalme Henry III, karne ya 13, iliyokatwa kwa makusudi, na uzito wake haufiki gramu moja. Wakati huo kwa matumizi ya kila siku hapakuwa na sarafu ndogo kuliko peni, kwa hiyo aliyetaka kulipa nusu aliikata nusu, na aliyetaka robo aliikata robo, akifuata mistari ya msalaba ule, ambao kuanzia mwaka 1247 ulirefushwa hadi ukingoni ili wezi wa kupunguza kingo wajulikane. Sisi tunaosema robo na thumni hatuna haja ya kuelezwa sana; fedha ya kugawanya tumeirithi katika maneno yenyewe. Nilikaa chini kwenye matope nikiwa nimeishika. Mtu wa mwisho kuigusa aliiangusha katika njia ya kwenda sokoni au kanisani, akarudi kuitafuta, hakuiona.

Sarafu moja peke yake si hazina kisheria, kwa hiyo sikulazimika kuiripoti. Niliipeleka hata hivyo kwa afisa wa eneo letu wa Portable Antiquities Scheme, mpango unaoendeshwa na British Museum kwa upande wa Uingereza, ambao tangu mwaka 1997 umeandikisha zaidi ya vitu milioni 1.5 vilivyookotwa na watu wa kawaida. Huduma hiyo haina malipo, na kama ningeipa alama ningeipa zote. Afisa aliuliza mahali hasa nilipoipata, kwa namba za gridi ambazo simu huonyesha, akaipima, akaipiga picha pande zote mbili, na baada ya miezi mitatu akanirudishia katika mfuko mdogo wenye namba ya kumbukumbu. Nimeonyesha ukurasa wake kwa mkulima. Aliusoma mara mbili, akaniuliza kama sehemu ile ilikuwa njia. Sasa anataka kujua kila kitu kilichomo ardhini mwake, hata risasi za gobori, ambazo zimetapakaa kule juu na huenda zinahusiana na vita vya karne ya 17, Leicester ilipozingirwa na kutekwa mwaka 1645.

Yaliyo hazina kisheria ni mengine, na hapo hakuna hiari. Kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, kitu kisicho sarafu chenye umri wa miaka 300 au zaidi na chenye dhahabu au fedha ya angalau asilimia 10 ni hazina. Vivyo hivyo sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha za umri huo zilizopatikana pamoja, na sarafu kumi au zaidi zikiwa za shaba. Tangu Julai 2023 vimeongezwa vitu vyenye metali vya umri wa miaka 200 au zaidi vilivyo na umuhimu wa pekee kwa historia. Mtafutaji ana siku 14 za kuripoti, na afisa yule yule wa eneo humsaidia. Makumbusho yakikitaka kitu, hutathminiwa na fidia hulipwa, kwa kawaida nusu kwa mtafutaji na nusu kwa mwenye ardhi. Anayenyamaza anaweza kufungwa miezi mitatu kwa kosa hilo peke yake, na akiuza, mashtaka huongezeka: mwaka 2019 wanaume wawili waliochimba akiba ya Waviking huko Herefordshire na kuitawanya kwa wauzaji walihukumiwa miaka 10 na miaka minane na nusu, ingawa rufaa ilipunguza vifungo vyao. Sarafu nyingi za akiba ile hazijaonekana mpaka leo, na nikisoma habari hiyo sihuzunikii vifungo, nahuzunikia sarafu.

Mfano wa upande wa pili uko hapa hapa kwetu Leicestershire. Mwaka 2000, mwanakikundi wa kujitolea wa kijiji cha Hallaton alipata kwa ditekta sarafu za kale kabla ya Warumi, akaacha kuchimba, akaita wataalamu. Kwa kuwa udongo haukuvurugwa, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Leicester waliweza kufahamu kwamba palikuwa mahali pa ibada: sarafu zaidi ya 5,000, mifupa mingi ya nguruwe wa sadaka, na kofia ya vita ya askari farasi wa Kirumi iliyokuwa imevunjika vipande vipande. Vitu hivyo vimewekwa katika makumbusho madogo ya Market Harborough. Kabla ya kununua mashine yoyote, mtu akae nusu saa mbele ya kabati lile.

Swali la mwisho ninaloulizwa, hasa na ndugu walioko nyumbani, ni kama nitawatumia mashine hii. Wengi wanawaza mali za Wajerumani zinazosemwa zimefukiwa, rupia za fedha, na ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Shemeji yangu amenipigia mara tatu. Nimemjibu kwa upole kwamba sitatuma. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kwa kuvitafuta kunahitaji leseni. Kenya, kwa sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, imeweka mpaka wake mwaka 1895. Kutafuta dhahabu nako kuna njia yake, kuanzia leseni ndogo ya uchimbaji kwa upande wa Tanzania, na wachimbaji wa Geita na Chunya wanaotumia ditekta wanatumia mashine za aina nyingine zilizotengenezwa kwa udongo wenye madini mengi, ambao Simplex+ haikuundiwa. Mpaka leo hatuna nyumbani mpango kama huu wa kumpokea mtu wa kawaida na kitu chake, kukiandika na kumrudishia, na nadhani ni pengo kubwa. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, na kwa sababu zilifika mikononi mwa wataalamu zimetueleza mambo juu ya watawala wa pwani ambayo hayamo katika maandishi yoyote. Zingechukuliwa kwa viganja usiku, zingeyeyushwa.

Kwa hiyo Simplex+ yangu inabaki Leicestershire. Shamba la juu litavunwa katikati ya Agosti, mvua ikiruhusu, na mkulima ameniandikia kwamba nitakuwa na siku kumi na mbili kabla halijapandwa tena. Ameongeza kwamba mjukuu wake wa miaka minane angependa kushika pinpointa. Nimemjibu kwamba nitaleta sepeto la pili.